Mtu wa theluji na watoto: mwongozo kwa mliohamia Minnesota

Ukihamia Minnesota ukitokea Dar, Nairobi au Bukavu, watu watakwambia mengi sana kuhusu baridi. Watakwambia namna ya kuendesha gari kwenye utelezi, bili ya hita, vitamini D, usisahau kuwasha gari mapema, lakini hamna anayekaa chini akakwambia namna ya kuifurahia, alafu watoto wako wako dirishani wamebandika pua kwenye kioo wanawaangalia wa jirani wanabingirisha matonge uani. Wengi wetu theluji tuliizoea kwa mbali tu, ile ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ukiwa Moshi asubuhi kabla mawingu hayajafunga. Sasa iko mlangoni, na inakaa kuanzia Novemba mpaka Machi, mwaka mwingine hadi Aprili. Ukijifungia ndani muda wote huo utachanganyikiwa, na watoto watakuchanganya zaidi.

Kujenga mtu wa theluji ni bure, huhitaji kujua kuteleza wala kununua vifaa vya bei mbaya, na ujue wazazi wanafurahi kuliko watoto, nimeona wababa watu wazima wanagombania pa kuweka karoti. Ila ina namna yake, na namna yenyewe asilimia kubwa ni kujua utoke siku gani.

Kuchagua siku (hapa ndo kwenye kazi)

Wageni wengi wanatoka siku ile ile theluji imeanguka nyingi nyeupe inang'aa, wanachota, wanabana, inamwagika yote kwenye vidole kama unga wa sembe. Wanajaribu tena, inamwagika tena. Wanarudi ndani wanasema hii kitu ya kwenye katuni ni uongo. Sio uongo, ni siku tu haikuwa yake.

Iko hivi. Hali ya hewa ikiwa karibu na sifuri ya Selsiasi, zile chembe za theluji zinakuwa na unyevunyevu kidogo kwa juu, ukizibana unyevu ule unaingia kwenye nafasi kati ya chembe na chembe na zinashikana. Baridi ikizidi, tuseme -10 kushuka chini, chembe zinakuwa kavu kabisa, hazina cha kuzishikisha, bana mpaka vidole viume hutapata kitu. Na upande wa pili likiwaka jua sana ikafika 4 au 5 inakuwa uji, tonge linajengeka lakini linakaa kama limechoka, linabonyea chini na maji yanatoka.

Kwa hiyo unachotafuta kwenye simu ni nyuzi -1 mpaka 2 hivi. Simu za huku zinaonyesha Fahrenheit, kwa hiyo macho yako yaangalie 30 mpaka 36. Januari ya Minnesota mara nyingi iko mbali kabisa na hapo, kuna wiki nzima haipandi hata kufika -10 ya Selsiasi mchana, usijisumbue, wapeleke watoto wakateleze na sledi, kile chombo cha kukalia na kuteremkia kilimani. Siku nzuri ziko nyingi Novemba mwishoni, Desemba mwanzoni, zile siku za Februari ambazo baridi inalegea ghafla, alafu Machi, Machi ndo bingwa kwa maoni yangu, theluji yake ni nzito na mbichi. Na usishangae ikaja mapema, wenyeji hapa mpaka leo wanasimulia ile dhoruba ya Oktoba 31, 1991, watoto walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuomba pipi za Halloween, ikaanguka mpaka Novemba 3, Minneapolis na St. Paul wakapata inchi 28.4, yaani sentimita 72.

Simu inaweza kukosea kidogo kwa hiyo hakikisha mwenyewe, kuna njia mbili. Ya kwanza ni sikio. Tembea hatua chache kwenye theluji ambayo haijakanyagwa. Ikilia chini ya buti, ule mlio wa kukwaruza kama kiti cha mbao kinaburutwa, ni kavu, rudi ndani unywe chai. Ikiwa kimya, unasikia tu inadidimia taratibu, hiyo ina unyevu. Ya pili ni ngumi, chota na glavu, bana, fungua kiganja. Ikibaki imeshikana na unaona mpaka alama za vidole vyako zimejichora, basi ita watoto sasa hivi, usiseme baada ya chakula maana siku za namna hii jua likizama zinaganda na kesho huenda isiwepo.

Kama theluji imeanguka usiku kavu, usikate tamaa mapema, subiri. Kwenye saa tano asubuhi mpaka saa nane mchana jua linaweza kuipasha ya juu ikaanza kushika, hasa upande wa kusini wa nyumba.

Nguo

Nitaenda haraka hapa ila soma vizuri. Usivalishe pamba kwenye mwili. Jinzi, soksi za pamba, sweta la pamba, vyote vinanyonya maji na vikilowa mtoto anaanza kutetemeka. Ndani kabisa zile nguo ndefu za kubana za sintetiki au sufu, juu yake flisi, lile sweta laini la sintetiki, juu yake jaketi na suruali ya theluji isiyopitisha maji. Buti ziwe na nafasi kidogo vidole vichezecheze, buti ya kubana inafanya miguu ipoe haraka. Glavu za mtoto mdogo chukua zile ambazo kidole gumba peke yake ndo kiko mbali na vingine viko pamoja, vinapashana joto, na beba jozi ya pili maana ya kwanza italowa, lazima ilowe, unabingirisha maji yaliyoganda.

Na msinunue vitu vipya jamani. Mitumba ipo huku pia, maduka ya vitu vilivyotumika yamejaa suruali za theluji za watoto kwa sababu wanakua na kuziacha kila mwaka. Nenda Septemba, ukienda Desemba utakuta zimebaki saizi za mtoto wa mwaka mmoja na za jitu.

Kuhusu usalama, siku ya kujenga kwa kawaida sio siku ya hatari kwa sababu ni karibu na sifuri, lakini angalia ile baridi yenye upepo (wind chill) kwenye simu. Ikifika -28 ya Selsiasi, yaani kama -18 ya Fahrenheit, na kushuka, ngozi iliyo wazi inaweza kuanza kuganda ndani ya nusu saa. Angalia masikio, pua, mashavu. Mtoto akisema hasikii vidole, usimwambie avumilie, ingia naye ndani.

Mahali

Pawe tambarare, pawe kwenye majani na sio kwenye lami, maana lami ni nyeusi inapata joto jua likiwaka na inamla kuanzia chini. Kivulini ni bora zaidi, upande wa kaskazini wa nyumba anaweza kukaa wiki kadhaa wakati wa jirani aliyejengwa juani ameshakuwa dimbwi.

Usijenge chini ya ukingo wa paa, pale panadondoka mabarafu marefu yenye ncha, sio mchezo. Usijenge karibu na barabara, na hili nalisema kwa msisitizo, msiwaache watoto wachimbe mapango kwenye yale marundo makubwa pembeni ya barabara. Gari la kusukuma theluji likija dereva haoni mtoto aliyeko ndani. Alafu theluji ya kule imejaa chumvi na mchanga, chafu, haifai hata kwa kazi. Theluji ya njano nayo mnaijua, mbwa wamepita, rukeni.

Kama mna njia ya watembea kwa miguu mbele ya nyumba, Minneapolis sheria inasema nyumba ya familia moja au mbili isafishwe ndani ya saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka, kwa hiyo unganisha kazi, baba au mama anapiga chepe anarusha upande wa uani na watoto wanapata mtaji. Wanaokaa kwenye apatimenti bila ua, nenda bustani ya jiji, Powderhorn Park kwa mfano iko wazi na kuna kilima cha sledi, wakichoka na hili wanahamia lile. Ila kaeni ardhini, msiingie kwenye ziwa lililoganda kwa sababu tu mmeona watu wako huko. Barafu ya kutembelea kwa miguu inatakiwa iwe imara na unene wa inchi 4 angalau, na we mgeni huna namna ya kujua kwa macho.

Tonge la chini

Anza na tonge dogo la mikono miwili, libane kweli kweli, lizungushe libane tena, hiki kiini kikiwa legelege tonge lote litapasuka baadaye. Liweke chini alafu ulibingirishe taratibu huku unalikandamiza. Litaanza kujifunga lenyewe, na hapa ndo mtoto anapiga kelele ya kwanza, kwa sababu unaona kabisa zulia jeupe linajikunja na nyuma yake yanabaki majani ya kijani ya tangu Oktoba, mabichi kabisa yamelala pale chini.

Kitu muhimu, badilisha mwelekeo. Ukilisukuma mbele tu litakuwa refu na bapa pembeni, halitakuwa mviringo. Sukuma mara mbili, ligeuze robo, sukuma mara mbili, ligeuze tena. Wape watoto zamu, mmoja asukume mwingine aamue linageukia wapi, inapunguza ugomvi. Na usianzie pale unapotaka asimame, anzia mbali uje unazunguka kuelekea pale, maana likishakuwa kubwa halihami.

Ukubwa sasa. Watu wanapata mzuka hawajui kusimama. Tonge la upana wa sentimita 90 lililobanwa vizuri linaweza kufika kilo 150, ya theluji mbichi hata zaidi. Hilo la chini sio shida maana hulinyanyui, lakini la katikati la sentimita 60 linaweza kuwa kilo 45 hivi, na hilo lazima lipande juu. Kichwa cha sentimita 40 ni kama kilo 13, mtu mzima mmoja anakiweza. Kama uko peke yako na watoto wadogo punguza yote, la chini liishie kwenye kiuno cha mtoto wa miaka sita, atakuwa mzuri tu. Au fanya mawili, Wajapani wa kwao wana matonge mawili tu, chini na kichwa, na hamna mtu anasema amepungukiwa.

Kupandisha na kushikisha

Kata kidogo juu ya tonge la chini pawe bapa, hata lichimbe kidogo katikati kama kiota. La katikati nalo libapaze chini. Kunyanyua muwe wawili, mikono iingie chini kabisa, pinda magoti, mgongo uwe wima. Mkishindwa, tafuta ubao uegemeze, mlibingirishe kupanda juu, hapo hata watoto wanasaidia na wanaona wao ndo wamelipandisha.

Likishakaa, usikimbilie kichwa. Chukua theluji mbichi ujaze pale matonge yanapokutana, izungushie yote, bana kwa kiganja, hii ndo simenti yake. Alafu mwacheni kidogo, chembe zikiachwa zimegusana zinaendelea kushikana zenyewe na kukaza. Tumia muda huo kutafuta vijiti vya mikono. Kichwa kikipanda fanya vile vile shingoni. Akiwa anaegemea upande, usimsukume arudi, utampasua, jaza theluji upande anaoegemea mpaka apate mguu wa kusimamia.

Sura, hapa kila mtu ni fundi

Karoti, vifungo, mkaa, mnavijua. Ila vitu vyeusi vikipigwa na jua vinapata joto na kuyeyusha theluji inayovizunguka, ndo maana mchana unakuta macho yameanguka yako tumboni. Vizamishe ndani kabisa, usivibandike juu juu. Kokwa za embe zinafanya macho ya kuchekesha sana. Mdomo tumieni maharage, au ganda la chungwa likikatwa refu, linaonekana mpaka barabarani.

Mvalisheni wa kwenu. Barghashia kuukuu ya babu (kwa ruhusa yake), kanga iliyochakaa mabegani na maandishi yakae mbele, kikapu mkononi. Majirani watasimama, watauliza maandishi yanasema nini, na hapo umepata marafiki, mtaa ambao miezi mitatu mlikuwa mnapungiana mikono tu kwenye magari. Watoto wampe jina, na jina likishatoka msibishane nalo hata kama ni la mjomba.

Na kama kuna mtu mzima anawaona mnapoteza muda, mwambieni Michelangelo mwenyewe, yule wa sanamu za marumaru, mwaka 1494 Florence ilipopata theluji nyingi, Piero de' Medici alimwita amtengenezee sanamu ya theluji uani kwake, akatengeneza. Na mwaka 2008 watu wa Bethel, mji mdogo kule Maine, walijenga mwanamke wa theluji wa zaidi ya mita 37, wakamwita Olympia kwa heshima ya seneta wao Olympia Snowe. Mikono yake ilikuwa miti mizima, kope zake skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, midomo yake matairi ya gari yaliyopakwa rangi nyekundu. Mji mzima ulitoka kujenga. Hao ni watu wenye kazi zao.

Siku theluji ikigoma

Mmeshavaa, mmeshatoka, na ni kavu. Kuna ujanja. Jaza chupa ya kupulizia maji ya kawaida, pulizia kidogo kwenye theluji, changanya, bana. Ndoo nayo inasaidia, shindilia ndani ya ndoo na maji kidogo, pindua, utapata mwili wa mtu wa theluji wa pipa, watoto hawajali. Au weka rangi ya chakula kwenye hayo maji mpulizie ukuta wa theluji michoro, ila rangi nyekundu isiguse jaketi, haitoki. La sivyo laleni chali mpige mikono juu chini mtengeneze malaika, hiyo theluji kavu inaiweza vizuri kuliko mbichi.

Kuingia ndani

Vua vyote mlangoni, tandika taulo kuukuu, kung'uta buti nje. Glavu na soksi weka karibu na hita, zisiwe juu yake. Vidole vikiwa vinauma na vimekuwa vyekundu ni kawaida, vipashe kwa maji ya vuguvugu, sio ya moto, na usivisugue. Vikibaki vigumu au rangi imepauka na hisia hazirudi, hiyo ni ya daktari. Chai ya tangawizi iwe jikoni tayari kabla hamjatoka, weka kwenye chupa ya chai, maana ukirudi hutakuwa na nguvu ya kusimama jikoni na watoto wote wanataka kikombe kwa wakati mmoja.

Kumtunza, na kumuaga

Usiku baridi ikishuka mpulizie maji mwili mzima, asubuhi atakuwa na ngozi ya barafu na atadumu. Karoti sungura wataila, kindi nao wanapita, weka nyingine au mwacheni bila pua, anapata heshima ya uzee. Siku ya jua kali akianza kuinama angalia upande anaoinamia, akielekea kwenye njia ya watu mwangushe mwenyewe kabla hajamuangukia mtoto wa watu, lile tonge la katikati ni kilo 45, msisahau.

Watoto wengine wanalia akiyeyuka. Wangu nawaambia Zurich, kule Uswisi, kila Aprili wanatengeneza mtu wa theluji wa bandia, wanamjaza fataki kichwani, wanamweka juu ya rundo la kuni wanamchoma mbele ya umati, na wanahesabu dakika mpaka kichwa kilipuke, kikilipuka haraka wanasema kiangazi kitakuwa kizuri. Baada ya kusikia hivyo wanaacha kulia, wanaanza kuuliza kama na sisi tunaweza, na jibu ni hapana, kuna sheria za moto mjini.

Ukiona simu inasema mvua inakuja, toa kanga na barghashia mapema. Zikilowa alafu usiku baridi ikarudi zinaganda zinashikana na kichwa, usizivute zitachanika, mimina maji ya vuguvugu pembeni taratibu mpaka ziachie.